Mwitikio Usiofika Mtwara

Huku kwetu kusini mtu akikupa habari haimwagi yote kwa mkupuo. Anakata kipande, ananyamaza, anakusubiri. Wewe unatoa "mmh", midomo imefungwa, sauti inatoka kifuani, naye anajua umepokea. Ndipo anakata kipande kingine. Usipoitikia hatakwambia kuwa umemkosea. Atameza kilichobaki, atauliza habari za mikorosho, kisha ataaga. Nimekulia Mpapura katika hali hiyo, na mpaka nilipofika chuoni Morogoro sikujua kuwa kuna watu duniani wanaoweza kusikiliza habari ya msiba toka mwanzo hadi mwisho, kimya kama magogo.

Mume wangu alikuwa mmoja wa magogo hayo. Kwao ni Njombe, na nyumbani kwa baba yake mtoto akisemeshwa na mkubwa aliinamisha kichwa na kufunga mdomo. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu. Alikuja Mtwara kufanya kazi bandarini, tukapendana, nikampeleka Mpapura kwa bibi yangu aliyenilea. Bibi akaanza kumsimulia jinsi alivyoumwa mwaka ule. Akakata kipande, akasubiri. Kijana wa watu akainamisha kichwa. Bibi akasubiri tena, kisha akanigeukia mimi.

"Mke mwenzangu, huyu mume wetu uliyemleta, nnamsemesha naona kama nasema na mlango. Anasikia kweli?"

Nilimfundisha njiani tukirudi mjini, na kwa kuwa mimi ni mtu wa hasira za karibu, nilimfundisha kwa kumgombeza. Alijaribu, akacheka, akajaribu tena. Hatimaye ikamtoka, na ilipomtoka niliacha kumgombeza. Ilikuwa nzito, ya chini kabisa, inaanzia mahali fulani chini ya mbavu. Ukiwa umemwegemea unaisikia kwa bega kabla hujaisikia kwa sikio. Bibi aliipenda mpaka akawa anamtungia habari za uongo ili aitikiwe tu.

Tukaishi hivyo mjini kwa miaka. Kazi yangu iko Naliendele, kwenye vitalu vya miche ya korosho, na mtu anayeshinda na miche hurudi nyumbani na maneno mengi. Alikuwa akimenya mihogo jioni huku mimi nikimweleza nani kamkosea nani kazini, miche gani imekubali kubebeshwa kikonyo cha mti mwingine na ipi imegoma. Kipande, mmh. Kipande, mmh. Sikujua kama hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yetu. Nilidhani ndoa ni yale mambo mengine makubwa yanayosemwa kanisani.

Alipohamishiwa Kigoma tuliambiwa ni kwa muda tu, kumshikia mtu nafasi. Kigoma na Mtwara ni pembe mbili za nchi zisizojuana. Ukitaka kumpeleka mtu mbali bila kumvusha mpaka, ndiko. Mimi nilibaki kwa sababu ya bibi, ambaye miguu ilikuwa imemgomea na tulishamleta mjini kukaa nasi. Binti yetu alikuwa bwenini. Tukaahidiana simu kila jioni.

Mwanzoni simu zilitosha, siongopi. Nilikaa barazani na kumpa habari zangu, na mmh yake ilikuja, imepungua uzito kidogo, lakini ilikuwa yake. Nilikuwa nafumba macho ili niipokee vizuri. Bibi aliniona akaniambia nimezeeka vibaya.

Kisha simu yake ikatumbukia ziwani. Alikuwa ameinama kukagua kamba za meli, ikachomoka kwenye mfuko wa shati. Wakaiopoa, ikafukiwa kwenye mchele, ikafufuka yote isipokuwa maiki. Akawa anasikia lakini yeye hasikiki. Badala ya kununua simu nyingine akanunua hedifoni zisizo na waya, zile za vipande viwili vya kuchomeka masikioni, ambazo zina maiki zake zenyewe. Alinunua jozi mbili. Ya kwangu aliileta mwenzake wa kazini aliyekuwa anakuja likizo.

Nilizipenda hizo hedifoni kuliko zilivyostahili. Nilikuwa nazivaa nikipika, na nyimbo za dansi za zamani, ambazo maisha yangu yote nilizijua kwa redio ya bibi, zikawa na vyumba ndani yake. Gitaa la besi lilikuwa chumba hiki, tarumbeta chumba kile. Katika wimbo mmoja kuna mtu anakohoa kabla mwimbaji hajaanza. Nikajiambia, kama hizi zinaweza kuniletea kikohozi cha mtu aliyerekodiwa kabla sijazaliwa, basi mume wangu atanifikia mzima mzima.

Hakunifikia mzima. Sauti yake ilikuwa nyembamba, imebanwa, kama anaongelea ndani ya debe. Hilo ningelivumilia. Kilichonishinda ni kimya. Nilikata kipande cha habari, nikasubiri. Hakuna kitu. Hata pumzi hakuna.

"Upo?"

"Nipo."

"Unanisikiliza?"

"Nakusikiliza, mke wangu. Endelea."

Endelea! Hilo ni neno la ofisini. Karani ndiye humwambia mtu endelea, huku akitafuta kalamu. Niliendelea siku ile, nikaendelea na kesho yake, nikihisi kama nampa mtu chakula dirishani na sioni mkono wa kukipokea.

Ningeweza kuulaumu mtandao, maana mtandao wetu tunaujua. Lakini maneno yake yote yalifika, hata yale ya kunidai salamu za bibi. Kilichokosekana ni kile kimoja tu, na mtu anayekosa kitu kimoja huanza kukitafutia sababu. Nikaona amechoka kuniitikia. Nikaona amerudia Unjombe wake. Siku nyingine, nikiwa nimeshiba hasira, nikaona kuna mwingine huko kando ya ziwa anayepewa mmh yangu. Mwanamke aliye mbali na mume wake akisema hajawahi kuwaza hivyo, akamdanganye mwingine.

Basi nikaacha kusimulia. Simu zetu zikawa umekula, nimekula, bibi hajambo, mvua imenyesha. Naye akaona.

"Siku hizi huna habari?"

"Sina."

Nilikuwa nazo tele. Nilipanda nazo bajaji kutoka Naliendele, nikashuka nazo, nikazipeleka jikoni, nikalala nazo. Nilimkumbuka kwa namna ambayo sikuwahi kumkumbuka hata alipokuwa ameondoka juzi tu, kwa sababu wakati ule alikuwa mbali na sasa nilimwona anapotea.

Aliyefichua jambo ni bibi. Jioni moja alidai apewe simu, ana habari ya jirani yetu aliyegombana na fundi wa bati. Nikamwekea kwa sauti kubwa ili asihangaike na vipande vya masikioni. Akaanza kwa madaha yake yote. Akakata kipande, akasubiri. Akaikodolea simu macho. Akakata kingine, akasubiri, kisha akanirudishia.

"Chukua simu yako. Mume wetu kawa mlango tena."

Simu ikapiga kelele mikononi mwangu. "Bibi! Naitikia, bibi! Naitikia mpaka koo linanikauka!"

"Muongo," nikamwambia.

"Haki ya Mungu. Kila siku naitikia. Nikajua umeichoka mmh yangu, ndiyo maana hunipi habari."

Nilikaa chini. Kwa muda wote ule yeye alikuwa akitoa, mimi nilikuwa nikisubiri, na katikati kitu fulani kilikuwa kikila. Nilimwambia aitikie sasa hivi, kwa nguvu. Akasema ameitikia. Sikusikia chochote. Akaitikia tena, na mimi nikabaki na kimya kilekile, safi, kimepigwa deki.

Kesho yake nilibeba jozi yangu mpaka mjini, kwenye duka la vifaa vya simu la familia moja ya Kihindi ambayo zamani iliuza vitambaa Mikindani. Anayelisimamia sasa ni dada wa rika langu, mwenye miwani na maneno ya haraka. Niliweka hedifoni juu ya kaunta, ingawa si yeye aliyeziuza, nikamwambia ni mbovu, zote, za hapa na za Kigoma. Nilikuwa nimekuja kugombana na nilitaka nigombane vizuri.

Hakukubali kugombana. Alizichukua, akaziunganisha na simu yake, akaniambia nivae. Akafungulia wimbo. Ulikuwa mtamu kama kawaida.

"Sasa nisikilize, dada. Hapa sauti haiji nzima. Hewani hamna nafasi hiyo. Simu inaifungasha kwanza, hedifoni zinaifungua. Njia ya kufungasha inaitwa kodeki. Simu na hedifoni zikikutana zinaulizana, wewe unajua ipi, mimi najua ipi. Zikikosa kubwa zinayoijua zote, zinashuka kwenye ile ndogo inayojulikana na kila mtu."

Akaingia kwenye mipangilio ya simu, mahali ambapo sijawahi kufika, palipoandikwa chaguo za wasanidi programu. Kulikuwa na orodha ya herufi: SBC, AAC, na nyingine. Akaiweka kwenye ile ndogo. Wimbo ukaendelea, ila matoazi yakawa kama mchanga na besi ikalegea. Akairudisha, vyumba vikafunguka tena. Nilikiri kuwa tofauti ipo, ila si ya kumfanya mtu alie.

"Hiyo bado ni njia ya muziki," akasema. "Inakwenda upande mmoja, simu kuja kwako. Sasa nafungua maiki."

Alibonyeza kitu na wimbo ukaanguka. Sina neno lingine. Besi ikaondoka yote, tarumbeta ikawa filimbi ya plastiki, na lile debe nililolisikia kutoka Kigoma likatokea pale dukani, masikioni mwangu. Akaeleza kuwa maiki ikifunguliwa, barabara ileile nyembamba inabidi igawanywe, sauti ya kwenda na sauti ya kurudi, kwa hiyo hedifoni za namna hii zinaacha kodeki ya muziki na kushika ile ya kuongelea. Hiyo inabeba maneno tu. Ni kama kuhama kwa bajaji: kitanda hakiingii, unachukua godoro.

"Maneno yalifika," nikamwambia. "Ambacho hakifiki ni mmh."

Akavua miwani. Babu zake wamekaa huku muda mrefu. Sikuhitaji kumweleza mmh ni nini. Alinituma nje nisimame upande wa pili wa barabara na hedifoni zangu masikioni, nimpigie simu, niitikie. Nilisimama kando ya bodaboda zilizoegeshwa, nikaitikia. Nikaitikia kwa kifua. Dereva mmoja akaniuliza kama ni jino. Ng'ambo, dada wa duka alikuwa ameweka simu sikioni, anatikisa kichwa: hakuna.

Niliporudi ndani aliniambia kuna jambo la pili, na hilo ndilo baya zaidi. "Hizi zimefundishwa kuchuja kelele. Feni, injini, jenereta. Kelele ni nini kwao? Sauti ya chini, inayokwenda sawasawa, isiyo na neno. Na mmh ya shemeji ni nini? Sauti ya chini, isiyo na neno. Inatupwa huko huko Kigoma, haijaanza hata safari."

"Nani aliyezifundisha?"

"Watu ambao kwao anayesikiliza hunyamaza."

Nilicheka, kisha nikaona machozi yananijia, nikajifanya natazama makava ya simu ukutani. Sikuwa nalia kwa ajili ya kodeki. Nilikuwa nawaza yule mwanaume amekaa kwenye chumba cha kupanga, anajibu na kujibu, na mwenye kujibiwa anamwambia hana habari.

Alinipa hedifoni za waya za kuchomeka kwenye tundu la chaji, zenye maiki ndogo katikati ya waya. "Maiki hii ni ya kijinga," akasema. "Haijui kuchagua. Inabeba kila kitu." Nikazifunga kwenye kifurushi, nikazipeleka stendi.

Wakati kifurushi kiko njiani kazi ilinipeleka Kilambo, kule mto Ruvuma unakokaribia kuingia baharini, kukagua mikorosho iliyopigwa na ubwiriunga. Yale maua meupe kama yamenyunyiziwa sembe, na kaya nzima imesimama chini yake inakutazama usoni kabla hujasema kitu. Tuliporudi niliona ng'ambo ya mto, Msumbiji, moshi wa mtu anayechoma shamba, na mikoko imesimama katika maji yasiyojua kama ni ya mto au ya bahari. Nilikuwa na habari kifua kizima. Ndani ya gari nikaanza kuisimulia taratibu, midomo ikicheza, na kila nilipokata kipande nikajiitikia mwenyewe, kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza. Dereva aliniangalia kwenye kioo, akapunguza redio, akadhani nasali. Nikamwacha adhani. Nilimtamani mume wangu kuliko nilivyotamani mvua mwaka wa ukame, na nilikuwa tayari kumwambia hivyo, waya ukishafika.

Ukafika. Alinipigia jioni ileile, nami nikaweka simu yenyewe sikioni.

Kabla hajasema neno nilisikia chumba chake chote. Feni inayolia upande mmoja. Bomba linalodondosha. Pikipiki ikipita nje, mtu akimwita mtu kwa Kiha. Nilisikia akimeza mate. Sikuwahi kukiona chumba kile na sasa nilikuwa nimekaa ndani yake, nimebana magoti nisigonge kitu.

"Haya," nikasema. "Nina habari."

"Nipe."

"Nilikwenda Kilambo."

Nikasubiri, na ikaja. Mmh. Nzito, kutoka chini ya mbavu, na mkia wake mdogo wa pumzi mwishoni ambao nilikuwa nimeusahau. Niliweka kiganja kwenye kidevu changu kama mtoto. Nikamwambia nimemkumbuka, tena mno, na kwamba nilimdhania mabaya. Akacheka. Nikampa Kilambo yote, ubwiriunga, kaya iliyosimama chini ya miti, dereva aliyenipunguzia redio, na kila kipande kilipokelewa.

Lakini maiki ile ilikuwa haichagui. Nilipofika katikati nilianza kusikia kitu kingine ndani ya mmh zake. Zilikuwa zinakuja kwa wakati, ila zilikuwa za mtu aliyebeba lake. Kabla ya kila moja kulikuwa na pumzi fupi, ya mtu anayetaka kusema kisha akaahirisha. Kwa zile hedifoni nyingine nisingeisikia kamwe. Tungeweza kuongea mwaka mzima nisiisikie.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Maliza kwanza."

"Nimemaliza. Una nini?"

Feni ikalia. Bomba likadondosha.

"Na mimi nina habari," akasema. Kisha akaanza kunipa, kwa namna niliyomfundisha mwenyewe barabara ya Mpapura, kipande kwa kipande.

"Yule niliyekuwa namshikia nafasi, harudi."

"Mmh."

"Wameniuliza kama nitaichukua."

"Mmh."

"Nimeichukua."

Bibi alikuwa chumbani anakohoa. Nilijua kinachofuata. Angesema nimfuate, naye anajua kuwa bibi hawezi kuvuka nchi na miguu ile, na kwamba mimi siwezi kumwacha; au angesema jambo jingine ambalo baada ya kusemwa lisingerudi. Alikuwa amesimama hapo, ananisubiri, kama desturi inavyotaka. Kwetu ukinyamaza, msemaji haendelei. Atameza kilichobaki, atauliza habari za mikorosho, kisha ataaga, na kesho atapiga tena simu. Nilikuwa na uwezo huo kinywani.

Nikasikiliza pumzi yake kwa muda. Ilifika yote, haikupungua kitu.

Kisha nikaitikia, akaendelea.